Jina Lako Limekuwa Neno

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
Jumamosi, 6 Desemba 2025
Mwezi 15, Mfungo Tisa

Mpendwa dada yangu Kuruthum,

Shikamoo. Ukiitikia marahaba huko Kiponda mimi huku nitaisikia, maana masikio yangu bado mazima. Magoti ndiyo yaliyonikimbia. U hali gani? Kifua kimetulia? Ile sukari yako unaipima, au bado unamgombeza anayekuuliza? Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, wazima wa kula na wa kugombana. Baridi imeanza kuingia Ibra. Asubuhi natoka uani nimejitanda shali mbili, na watoto wananicheka.

Khati hii anakuletea mama yake Rawya, mtu wa Sur, anayekuja Unguja kwa harusi ya jamaa zake. Rawya mwenyewe utamjua huko mbele. Najua utasema kwa nini nisikutumie sauti kwa simu kama watu wengine. Dada, nimekutumia sauti saba tangu Idi, zote zimetia zile alama mbili za buluu, na jawabu sijaiona hata moja. Basi nimeona bora karatasi. Na aliyeichukua nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka umpe jawabu mkononi.

Nnalo ombi, na nalitaja mapema usije ukasema nimekuzungusha. Kuna wasichana watatu huku wanataka ruhusa yako watumie jina lako. Na mimi nakutaka wewe mwenyewe uje. Ni mambo mawili, lakini kwangu ni moja, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini.

Mmoja katika hao watatu ni Israa, binti wa mwanangu Nasr, yule aliyezaliwa na nywele mpaka mabegani tukamwita Kipara ili hasidi asimwone. Sasa ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo hapa Ibra na anakaa kwangu. Mtoto mpole, mzito wa kusema, mwepesi wa kucheka ukishamzoea. Lakini mpaka umzoee!

Mwaka jana nilimkuta ukumbini peke yake, miwani nyeusi kubwa imemziba uso kama ya mchomea vyuma, vishikio viwili mikononi, anainama, anaruka, anajikunyata nyuma ya kitu kisichokuwepo. Nikasema basi tena, huyu kapandwa na pepo. Nikaanza kumsomea Ayatul Kursiyyu, huku natia ubani chetezoni. Moshi ukamwingia, akakohoa, akavua miwani akaniuliza, "Bibi, kwani leo kuna wageni?" Lo! Niliona haya, dada yangu, sikujua chetezo nikifiche wapi.

Baadaye nikasikia kuwa redioni huko kwenu mambo haya wanayaita uhalisia pepe. Pepe, si pepo. Herufi moja tu ndiyo iliyonifedhehesha.

Ukiivaa miwani ile unajiona umo uwanjani, una kuta na ngazi na mbingu, na wenzako wamo humo humo ingawa mmoja yuko Nizwa na mwengine yuko Sur. Na huchezi kwa kidole kama kwenye simu, unacheza kwa mwili mzima, jasho linakutoka. Watoto huku wanashindana kwa hayo, mji na mji, kuna waamuzi na vikombe kama mpira wa miguu. Nasr alisema ni upuuzi mtupu. Siku ya pili nikamkuta kaivaa yeye, anapigana na hewa na kanzu yake ya kazini, kaipiga teke meza yangu ya kahawa. Meza ilivunjika mguu, yeye mzima.

Sasa ngoja nikwambie. Israa aliniunganishia picha kwenye televisheni, ili ninapokaa nione anachokiona yeye. Nikatazama kidogo, nikatazama tena, nikapiga ukelele: hii si nage hii!

Wallahi ni nage, dada. Watatu huku, watatu kule. Wanarushiana sahani za mwanga. Ukipigwa unatoka, na upande uliobakiwa na mtu ndio ulioshinda. Ni kichochoro chetu kile kile cha Kiponda, ila hakuna wa kutumwagia maji kutoka dirishani, na mpira si wa soksi za babu zilizofungwa kwa kamba ya makumbi.

Nilikaa pale chai ikanipoa. Nikakuona wewe una miaka kumi na mimi nane, tumetoka chuo cha Kurani laasiri, mahamali na mizigo yao hawajapita bado, njia yote yetu. Sisi wengine tukirukaruka kama bisi kaangoni. Wewe mpira ukija unasimama tisti, hupepesi wala hupumui. Anayelenga anakisia utakimbilia kushoto, analenga kushoto. Anakisia kulia, analenga kulia. Nawe uko pale pale, na mpira unakwenda kumpiga mwenye kuuza kashata. Kwanza tulikucheka, tukasema huyu mwoga, anaganda kwa hofu. Halafu tukaona hupigwi. Tukaanza kukuiga. Ikawa mpira ukija tu, wa pembeni anapiga kelele, "Kuruthum!", na sote tunaganda. Umesahau? Hata mimi nilisahau. Nimeishi Oman miaka hamsini na tatu, na jambo hilo halikunijia hata siku moja mpaka nilipoliona kwenye televisheni yangu mwenyewe.

Turudi kwa Israa. Katika mchezo wao sahani nyeupe unaikwepa. Nyekundu ina akili yake, inamfuata anayetikisika, na ukitulia kabisa inakupita ikamtafute mwengine. Kwa hivyo lazima mmoja awe anaangalia na kuwaambia wenziwe watulie. Huyo ni Khulood, kapteni wao, binti wa watu wa Nizwa ambao wazee wao walikuwa Tabora. Kusema Kiarabu hawawezi, kwa sababu mpinzani akikukaribia humo ndani anakusikia. Wakakata shauri waseme Kiswahili, kwa kuwa wote watatu ni wajukuu wa waliotoka huko. Mimi siku hiyo nilifurahi mpaka nikapika mikate ya mofa.

Furaha yangu haikudumu. Kiswahili cha Israa unakijua, umekisikia kwenye simu. Kila kitu kwake ni "huyu". Mlango huyu, sahani huyu, wali huyu. Maneno aliyonayo ni ya jikoni na ya kugombezwa. Khulood naye ana Kiswahili cha Tabora kilichochanganywa na Kiingereza, na Rawya, wa tatu wao, ana salamu tu.

Neno la kutulia walilochagua ni simama. Kwao Khulood, simama ni ile ya babu yake kumwambia dereva: hapo hapo, usiende. Kwetu, simama ni ya kwangu mimi, ya kila alfajiri: simama wee mvivu ukasali. Neno moja, nyumba mbili. Siku waliyocheza na wasichana wa Jalan Bani Bu Ali, Israa alikuwa amechutama nyuma ya ukuta, hana wasiwasi wowote, sahani nyekundu inapita juu yake. Khulood akapiga kelele, "Simama!" Na mtoto wangu mtiifu akasimama. Wima! Kama anayepigiwa wimbo wa taifa. Ikampata ya uso.

Walishindwa. Khulood akakasirika, akasema wazi kuwa wakishindwa tena kwenye mashindano yajayo ya Nizwa, nafasi ya Israa atampa binamu yake. Sikumlaumu, kapteni ni kapteni. Lakini Israa alilala siku mbili na uso ukutani. Dada, mtoto huyu skuli nzima alikula peke yake. Hawa wawili ndio watu wa kwanza waliomwita wenyewe, bila ya mimi kwenda kumwombea urafiki kwa sahani ya sambusa. Na aliyemponza ni mimi na simama yangu ya alfajiri. Niliumia, usifanye mchezo.

Tukatafuta neno jengine. Tulia, ganda, nyamaa. Lakini huku kwetu ukisema siri yako sokoni kwa Kiswahili, muuza tende anakujibu, tena kwa lafudhi nzuri kuliko yako. Huko Nizwa wangecheza na wasichana wa Manah, na hao pia wana bibi zao kama mimi. Lilitakiwa neno ambalo halijulikani na yeyote. Nilikuwa nakuna nazi, nikaiacha pale pale na mikono yangu myeupe nikenda ukumbini. Nikamwambia Israa, mwambie Khulood asiseme simama, aseme Kuruthum. Akaliandika kwenye simu akawapelekea wenziwe. Hakuuliza ni nini, nami sikusema, maana nazi ilikuwa inaningoja.

Siku ya tatu nipo jikoni namsikia ukumbini anapiga kelele: "Nimekuruthum! Nimekuruthum! Rawya, mbona hujakuruthum?" Na kule Khulood anajibu tutakuruthum wote. Kumbe mtoto kadhani ni neno la Kiswahili hasa, kama kula na kulala! Nilicheka mpaka nikashika meza, ile ile ya mguu mbovu. Sikumsahihisha. Katika Kiswahili chake chote ndilo neno pekee analolinyambua bila ya kukosea.

Ijumaa iliyopita Nasr akatupeleka Nizwa. Mashindano yaliwekwa kwenye ukumbi wa harusi, viti vyekundu, maua ya plastiki bado yapo jukwaani. Wamechora miraba kwa utepe sakafuni, kila mchezaji na mraba wake, na katikati ya timu na timu pazia. Juu wametundika televisheni kubwa watu waone. Mama wa watu wamejaa, na madele ya kahawa, na halua. Mimi nilikaa safu ya mbele kwa sababu ya magoti, na kwa sababu nimetaka.

Mchezo ukaanza na Khulood akaanza kuita, "Kuruthum! Kuruthum!" Kila akiita, wetu wanaganda na sahani nyekundu zinawapita kama hazijawaona. Wasichana wa Manah wakababaika. Wakawa wanageuka huku na huku wanamtafuta huyo Kuruthum. Mara mmoja wao akavua miwani, akamwita mwamuzi, akashitaki kuwa hawa wana mchezaji wa nne wamemficha, na kapteni wao anampa amri kwa jina.

Dada, wewe umeshitakiwa Nizwa!

Mwamuzi, kijana mwenye adabu, kofia yake imekaa vizuri, akasimamisha mchezo. Akawahesabu wetu, watatu. Akatazama nyuma ya pazia, akatazama mpaka nyuma ya maua. Khulood akamweleza kuwa Kuruthum si mtu, ni neno la Kiswahili, maana yake kutotikisika. Ingekwisha hapo, ila kijana yule mama yake ni wa huko huko kwetu. Akampigia simu mbele ya watu wote. Na mama wa watu akasema kweli yake: hakuna neno hilo katika Kiswahili, Kuruthum ni jina la mtu. Ukumbi wote ukaguna. Mwamuzi akasema basi kuna udanganyifu, na timu yetu itatolewa.

Israa alikuwa amevua miwani. Alinitazama mimi. Hakulia, lakini niliuona uso wake, ni ule ule uliokuwa ukutani siku mbili.

Nikasimama. Magoti yalinipigia kelele, nikayaambia nyamazeni. Nikamwambia mwamuzi, kwa Kiarabu changu unachokicheka, kuwa mama yake kasema kweli na watoto hawa pia wamesema kweli. Kuruthum ni mtu, ni mtoto wa khalati yangu, nduguye mama, na saa hizi yuko Unguja anachambua mchele wake. Na Kuruthum ni neno, ila walijuao ni watu wa kichochoro kimoja tu, na waliobaki hai hawafiki watano. Nikawaeleza mpira wa soksi, na mwenye kuuza kashata, na namna ulivyokuwa unasimama. Watu walicheka. Wasichana wa Manah walicheka. Ilitosha, ningekaa.

Lakini mdomo haukutaka kukaa. Ukaendelea wenyewe mpaka siku ile tulipohama. Sikupanga kuisema, Kuruthum, sijawahi kuisema hata kwa marehemu mume wangu. Gari linatungoja hapo mtaa wa Malindi, sanduku zimeshatangulia, mama na khalati wamekumbatiana hawaachani, kila mtu analia, kila mtu anakwenda huku na huku. Wewe uko mlangoni, mkono juu ya njumu za shaba za mlango, hulii, hupungi, hupepesi. Niligeuka mara tatu. Mara ya tatu nilitamani nikute umeshaingia ndani, ili nipate kukuchukia vizuri. Ulikuwa pale pale.

Na kinyongo nilikuwekea hata hivyo. Miaka hamsini na tatu! Ulipoalikwa harusi ya Nasr ukasema inshallah usije, nilisema si ndiye yule, hata mkono hakunipungia. Tulipokukatia tiketi mwaka aliokufa mama, ukafika uwanja wa ndege ukarudi nyumbani, nilisema moyo wa jiwe. Hukujibu sauti zangu, nikasema yale yale. Sasa nimesimama Nizwa mbele ya watu nisiowajua, nawaambia kuwa Kuruthum hakuwa mwoga, alikuwa akisimama vile kwa sababu kitu kizito kinamjia na hataki kimwangushe. Nikajisikia mwenyewe ninachosema. Hapo hapo nikakaa kitako, nikalia kama mtoto, mama mmoja wa Manah nisiyemjua akanipa kanga yake nijifutie. Ulikuwa unanipenda. Ulikuwa unanipenda kuliko wote waliolia, na mimi mjinga sikufahamu. Nisamehe, dada yangu.

Mwamuzi akafungua kitabu chake cha kanuni, akapekua, akapekua tena, akasema hakuna kifungu kinachokataza kutumia jina la mtu aliyeko Unguja. Mchezo ukaendelea. Na mambo yakaharibika, maana neno sasa wanalijua wote. Rawya akatolewa, kisha Khulood akatolewa, na aliyetoka haruhusiwi kusema. Akabaki Israa peke yake na msichana mmoja wa Manah. Sahani nyekundu ikazuka nyuma ya Israa, hakuiona. Sisi tuliiona kwenye televisheni. Nikapiga kelele, "Kuruthum!" na kumbe sikuwa peke yangu. Ukumbi mzima, dada. Mama wa Nizwa, mama wa Manah, wauza kahawa, na Nasr wangu aliyesema upuuzi, wote wanaita jina lako. Israa akaganda, hata vidole. Sahani ikampita sikioni, ikazunguka, ikamkuta yule wa Manah anageukia kelele zetu.

Basi Israa hana tena wasiwasi wa nafasi yake. Khulood mwenyewe alimkumbatia na miwani yake usoni, wakagongana vichwa. Wiki ya mwisho ya Januari watacheza Sur, na wanatakiwa waandikishe jina la timu. Wametaka iitwe Kuruthum. Mimi nikasema hapana, mwenye jina yuko hai, lazima aombwe. Ndiyo maana khati hii.

Habari nyengine ni ndogo ndogo. Mtende wa uani umezaa sana mwaka huu, nimekuwekea kopo mbili za tende, atakupa huyo mama yake Rawya, na usimpe Adham zote kwa kuwa ni mwanao. Viza yako Nasr keshaishughulikia. Tiketi ipo ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi ya mwisho. Chumba chako kiko karibu na changu, sala yako na yangu ukuta mmoja.

Israa kaniomba nafasi aandike mwenyewe, na sikumgusa hata herufi: "Bibi Kuruthum, chumba huyu ni yako. Njoo. Mimi nakungoja mlangoni, nitapunga mkono."

Nisalimie Adham na mkewe Tufool, na watoto wao kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie na kichochoro, hata kama kimejaa maduka ya watalii. Nasr anakubusu mkono, Khulood na Rawya wanakupa shikamoo, wameifanyia mazoezi. Mwenyezi Mungu akulinde na kila kizito kikujiacho, akupe afya, atukutanishe tukiwa bado tunafahamiana nyuso.

Na gari likija kukuchukua kwenda uwanja wa ndege, dada yangu, tafadhali, safari hii usikuruthum.

Wako akupendaye tangu mpira wa soksi,
mdogo wako,
Shukriya